Maziwa Yaliyokataa Kushuka

Pale Katonga, mwalo wetu wa wavuvi kando ya ziwa, miaka ile ya wakimbizi, tulianika dagaa mchangani na adui yetu alikuwa mvua. Dagaa aliyeanza kukauka akinyeshewa amekwisha. Analainika, anageuka rangi, kesho yake ana funza. Kwa hiyo tulikuwa na debe. Lilikuwa debe tupu la mafuta ya kula, limening'inizwa kwenye nguzo ya kichanja, na mwanamke yeyote aliyewahi kuona wingu limejikusanya upande wa Kongo alikuwa na wajibu wa kulipiga. Alilipiga kwa nguvu mara kadhaa, akatupa fimbo, akakimbia kuanua dagaa wake na kuwaingiza bandani kama wengine. Hapakuwa na utaratibu zaidi ya huo.

Mimi sikusoma sana, niliishia darasa la saba. Jioni nilikuwa na mazoea ya kuandika mistari miwili mitatu ya siku, ziwa lilivyokuwa, nani anaumwa. Haya ninayoyasema juu ya mwili wa binadamu nimeyasikia kwa nesi na mengine nimeyaona kwa macho. Anayejua zaidi anisahihishe.

Mgeni wangu alivuka ziwa na mtoto mchanga. Wenzake wa boti ile walishushwa Kibirizi wakapandishwa malori kwenda kambini, yeye akabaki kwa sababu mtoto alikuwa na homa. Jirani yangu wa mtaa wetu wa Rusimbi aliyemwona ndiye aliyeniuliza kama nina nafasi. Nilikuwa na chumba, wanangu walishaolewa. Nilimkubali kwa huruma, lakini nisijipambe, nilihitaji pia mkono wa pili wa kugeuza dagaa. Alikuwa kijana kuliko binti yangu wa mwisho. Aliniita mama tangu siku ya kwanza. Kiswahili chake kilikuwa cha ng'ambo, kina ladha yake, na wenzangu mwaloni walikuwa wakimwiga kwa kucheka. Naye alicheka nao.

Mtoto homa ilimtoka. Alinyonya vizuri siku za mwanzo, kiasi kwamba asubuhi gauni la mama yake lilikuwa limelowa kifuani.

Kisha siku moja debe likalia.

Sote tuliruka. Mimi nilikuwa nimekwisha kukusanya nusu ya dagaa wangu nilipotambua kwamba niko peke yangu. Nilipogeuka nilimwona amechuchumaa palepale, mtoto amembana kifuani, anatazama ziwa. Nilimwita, hakusikia. Nilipomshika mkono, ulikuwa wa baridi kama umetolewa kisimani, na jua bado lilikuwa halijafunikwa. Kiini cheusi cha jicho kilikuwa kimetanuka mpaka rangi ya jicho haionekani. Alitaka kusema jambo, midomo ikagandana kwa ukavu.

Mvua ilipopita mtoto alilia njaa. Akapewa titi, akavuta, akaliacha, akapiga kelele. Akapewa la pili, vilevile. Mama yake akakamua kwa vidole. Halikutoka hata tone, na asubuhi ile maziwa yalikuwa yakidondoka yenyewe.

"Wenzetu wa ng'ambo wanaanua wakiwa wamekaa," mmoja wetu alisema. Mwingine akamjibu kwamba labda kwao dagaa hujianua wenyewe. Tulicheka, na mimi nilicheka.

Yalikuwa majira ya mvua, na debe lililia karibu kila siku. Kila likilia ilikuwa hivyohivyo. Maziwa yalirudi kidogo usiku, yakapotea tena mchana, na kadiri siku zilivyokwenda hata ya usiku yakawa ya kubahatisha. Mtoto akaanza kuwa na uso wa mzee. Ngozi ya mapaja ikawa na makunyanzi, na kilio chake kikapungua sauti, jambo lililonitisha kuliko alipokuwa akipiga kelele.

Kila mtu alikuwa na dawa yake. Mkuu wetu pale mwaloni, mwanamke mtu mzima tuliyemwita Mama Mkubwa, aliagiza mchuzi wa samaki, migebuka wa ziwani, wenye mawese, na mara nyingi alimletea yeye mwenyewe. Wengine walisema uji wa mtama. Wapo walionong'ona kwamba amefungwa, kuna mtu kamfunga maziwa kutoka hukohuko kwao. Sikuwakatalia. Nilishamwona akila akashiba na bado titi likawa kavu, kwa hiyo sikuwa na maelezo bora kuliko yao.

Nilimpeleka kliniki ya watoto. Nesi alikuwa mtu wa kuletwa kikazi kutoka mikoa ya kaskazini, mwenye maneno machache. Alimning'iniza mtoto kwenye mizani akaangalia, akamtoa, akampima tena. Aliniambia mimi, kwa sauti ya chini, kwamba mtoto anapungua, na akija tena hajaongezeka atalazwa wodini. Wodi nilikuwa nimepita mlangoni mwake. Watoto walilala wawili wawili kitandani, wa kuhara na wa surua. Hakuhitaji kunieleza maana yake.

Kisha akamshika mgeni wangu kifundo cha mkono, akasikiliza mapigo, akaniuliza huwa inakuaje. Nilimweleza habari za debe.

Aliyotwambia nayakumbuka hivi. Mwili una mishipa ya fahamu isiyongoja amri yako. Moyo haukuulizi upige vipi, tumbo halikuulizi lisage nini. Mishipa hiyo ni ya namna mbili. Ya kwanza ni ya hatari. Ikishika zamu, moyo unakwenda mbio, damu inakimbilia miguuni na mikononi kwenye misuli, ngozi inabaki ya baridi, mate yanakauka, jicho linafunguka lione mbali. Kila kisichohusu kukimbia kinasimamishwa. Ya pili ni ya utulivu. Ikishika zamu ndipo mate yanarudi, tumbo linafanya kazi, usingizi unakuja. Na maziwa ya mama nayo, alisema, yanashuka mwili ukiwa umetulia. Hofu haiyakaushi mara moja, inayazuia kushuka. Ila mtoto akikaa muda mrefu bila kunyonya, kifua nacho kinaacha kuyatengeneza.

"Kwa hiyo sijalogwa," mgeni wangu alisema.

Nesi alijibu kwamba ya kulogwa yeye hayajui. Akamwegemeza kwenye ukuta, akanionyesha namna ya kumsugua mgongo kwa ngumi, taratibu, pande mbili za uti. Akamwambia avute pumzi kidogo na aitoe kwa muda mrefu, kama mtu anayepooza uji, kwani pumzi ndiyo sehemu pekee ya mashine hiyo ambayo mwenye mwili ameachiwa mkono wa kuishika. Akamvua mtoto nguo akamlaza ngozi kwa ngozi. Tulikaa. Foleni ya akina mama ilikuwa nje, na hakutuharakisha. Baada ya muda nikaona tone, kisha jingine, kisha mtoto akaanza kumeza.

Nyumbani tulifanya kama alivyofundisha, na ilifaa nikiwapo. Nilimsugua mgongo huku nikipiga soga za mitaa, maziwa yakaja. Lakini nikitoka kwenda kuteka maji, nikirudi nilimkuta amesimama mlangoni, mikono ile ya baridi. Nilimwambia abaki nyumbani mchana, aepukane na debe. Alikataa kwa adabu. Nilipomsisitiza, alinifuata tu kwa nyuma mpaka Katonga.

Nikaenda kwa Mama Mkubwa. Nilimweleza maneno ya nesi, nikaogopa ataona ni visingizio. Alisikiliza mpaka mwisho, akawaita wenzetu. Nataka ieleweke kwamba walikubali. Waliokuwa wakimwiga ndio waliokuwa wa kwanza. Tukakubaliana kwamba debe lisipigwe kwa fujo tena. Lipigwe taratibu, mara mbili tu, basi.

Hali ikawa mbaya zaidi. Sasa alikuwa akishtuka hata wingu halipo. Mtu akiangusha beseni, mkono unakwenda kwenye kichwa cha mtoto. Nilirudi kwa nesi kumwambia kelele tumezipunguza na bado. Akashauri tuziondoe kabisa ikiwezekana. Simlaumu, alishauri kwa aliyoambiwa, na aliyemwambia ni mimi.

Tukaacha debe. Atakayeona wingu atainua kanga juu ya fimbo, mwenzake akiona ainue yake. Mara ya kwanza ilifanikiwa. Mara ya pili kuna mwenzetu aliyekuwa akianika mwisho kabisa, kule kwenye mawe, na alikuwa ametupa mgongo akimsafishia mwanawe pua. Hakuona kanga. Kila mmoja wetu alidhani mwenzake kamwita. Dagaa wake wote walinyeshewa.

Alikuja akiwa na konzi ya dagaa waliolowa, akaiweka chini mbele ya mgeni wangu.

"Haya, kula. Si tunakutafutia maziwa?"

Mtu asimwone mbaya. Alikuwa na watoto, na mume wake alikuwa akivua kwenye mitumbwi ya watu, hakuwa na wake. Mgeni wangu aliwaokota dagaa wale mmoja mmoja, akawaosha ziwani. Mama Mkubwa ndiye aliyeamua. Debe litarudi kesho, litapigwa kama zamani, maana mwalo hauwezi kuishi kwa kanga. Na mgeni wangu asije tena mpaka mtoto akue.

Ilikuwa haki.

Jioni ile nilimweleza uamuzi huo nikimsugua mgongo. Nilidhani atafurahi, atapumzika mbali na kelele. Mgongo ulikakamaa chini ya ngumi zangu kama ubao.

"Mama, hapa nyumbani kuna kimya," alisema.

Nikamwambia si ndiyo vizuri, debe halitamsumbua.

"Si debe njo inaniogopesha. Debe ikilia, mi najua batu biko. Ni pale inanyamaza." Batu biko, kwa Kiswahili chao, ni watu wapo.

Hapo ndipo aliponieleza, akiwa amenipa mgongo. Mji wao ulikuwa na desturi ya sufuria. Watu wenye silaha wakionekana, nyumba iliyowaona kwanza inapiga sufuria, ya pili inapokea, mtaa kwa mtaa, mji mzima unalia. Maana zake zilikuwa mbili: jihadharini, na sisi huku bado tupo. Alfajiri ya siku ile mlio ulianzia mtaa wa juu, ukashuka. Mama mkwe wake alisimama mlangoni akapiga ya kwao, yeye akafunga mtoto mgongoni. Ndipo mlio ukaanza kukatika. Kwanza mtaa wa juu kabisa. Kisha unaofuata. Ulikatika kwa zamu, kama mtu anayepita mtumbwi kwa mtumbwi akizima karabai. Mama mkwe akamwambia atangulie. Alikimbilia kwenye matete ya ziwa akiisikia sufuria ya nyumba yao nyuma yake, aliijua kwa sauti, ilikuwa na ufa. Alifika kwenye maji ikingali inalia. Kisha ikanyamaza.

Sikulala vizuri. Nilikuwa nikilipiga lile debe moyoni, jinsi sisi tulivyolipiga. Mapigo kadhaa, fimbo chini, kimya, watu wanakimbia bila kusema kwa kuwa kila mmoja ana dagaa wake. Mwili wake haukuwa na haja ya kufikiri. Ulisikia mlio umekatika ukajua waliokuwa wakipiga hawapo. Na sisi kwa wema wetu tulikuwa tumeufupisha mlio tukakisogeza kimya karibu zaidi. Kisha tukauondoa mlio tukamwachia kimya kitupu. Inawezekana sikuelewa sawasawa, lakini sikuwa na jingine la kushika.

Asubuhi nilikwenda naye kwa Mama Mkubwa, nikamwomba ruhusa aseme mwenyewe. Alisema kwa kifupi, macho chini. Wanawake walikuwa wamekusanyika na mabeseni yao. Hakuna aliyemwiga.

Mama Mkubwa alifikiri kama mtu wa kazi. "Sawa, mwanangu, lisinyamaze. Lakini nani atasimama alipige mpaka mwisho? Na dagaa wake ataanuliwa na nani?"

"Mie," mgeni wangu alisema. "Mi sina dagaa yangu."

Mmoja wetu akaguna kwamba hili nalo jipya, anayeogopa debe ndiye wa kukabidhiwa debe. Mama Mkubwa alimtazama yule mwenye hasara ya juzi, kwa kuwa yeye ndiye mwenye neno. Yule mwanamke akasema apige, lakini asiliache mpaka yeye wa kule kwenye mawe awe amefika bandani.

Wingu lilikuja mchana uleule. Aliliona yeye kabla ya yeyote. Alisimama kwenye nguzo, mtoto mgongoni, na pigo la kwanza lilikuwa dogo sana kwa mtu aliyeomba kazi ile. Kisha akapiga. Tukakimbia. Nimekimbilia dagaa miaka mingi lakini ile siku nilijisikia vingine, nadhani wote tulijisikia hivyo, kwa kuwa hatukupigana vikumbo. Ule mlio ulikuwa nyuma yetu wakati wote. Tuliingia bandani mmoja mmoja na mizigo yetu, yule wa kule kwenye mawe akaingia wa mwisho, na mvua ikashuka.

Yeye hakuacha. Alikuwa analowa, mtoto analia chini ya kanga, na mkono ulikuwa unakwenda wenyewe. Nilimwita kwamba tayari, inatosha. Aliendelea. Uso wake haukuwa umetugeukia sisi, ulikuwa umeelekea ziwani, na mimi niliogopa. Nilijua anapigia nyumba nyingine.

Yule mwenye hasara ndiye aliyetoka. Alikwenda kwenye mvua akasimama mbele yake, mahali ambapo lazima amwone.

"Dada. Mimi nipo."

Akampita, akasimama kando. Mama Mkubwa akatoka, kwa miguu yake mibovu, akasema naye yupo. Tukatoka wote. Sijui nani aliona haya na nani hakuona, lakini kila mmoja alisema nipo, wengine kwa Kiswahili, wengine kwa Kiha, na pigo likawa linapungua kadiri tulivyokuwa tukisema, mpaka likawa kama mtu anayegonga mlango wa jirani. Akaweka fimbo chini. Hakuitupa.

Tulimwingiza bandani akakaa juu ya gunia. Gauni lilikuwa limelowa lote kwa hiyo sikuweza kuona. Nilichoona ni mtoto alipowekwa kifuani, kabla hajashika, maziwa yakamrukia usoni. Akakohoa. Akashika. Sauti ya mtoto kumeza ni ndogo, na mvua ilikuwa inapiga bati, lakini tuliisikia.

Hatukusema amepona. Kulikuwa na siku mbovu nyingi tu baada ya hapo. Lakini debe likawa lake, na ikawa kawaida yetu kila mtu akifika bandani aseme yupo ndipo lipungue. Kliniki mtoto aliongezeka kidogo, halafu zaidi. Nesi alifurahi, akauliza tulifanya nini. Nilijaribu kumweleza nikaona naeleza vibaya.

Mvua za masika zilipokuwa zinaisha walikuja maofisa wa kambi kuwachukua wakimbizi waliobaki majumbani. Hawakuwa wakali. Walisema kambini kuna chakula cha mgawo na zahanati, na ilikuwa kweli, na mimi sikuwa na haki ya kumzuia. Lori lilisimama barabarani Rusimbi, injini ikinguruma. Alipanda, akakaa pembeni, akaanza kumnyonyesha kabla ya safari. Dereva alikuwa mtu wa heshima. Alimwona mama ananyonyesha, akazima injini ili asimsumbue.

Nilikuwa nimesimama chini nimeshika ubao wa lori. Niliona bega lake linapanda. Niliona mtoto anavuta, anaacha, anavuta. Nikaanza kusema tu, chochote, bei ya mawese, jirani yangu na mbuzi wake, sijui nilisema nini, na nikaendelea kusema mpaka nikaona bega limeshuka na mtoto ametulia. Ndipo nilipomwinamia mwanamke aliyeketi karibu naye, mkimbizi mwenzake, nikamwomba huko waendako asimwachie kimya. Azungumze, aimbe, agonge kitu, chochote.

Mwanamke yule akaitikia kwa kichwa. Hakuuliza sababu. Alinigeukia, na jua la mchana lilikuwa linampiga usoni sawasawa, na niliona viini vya macho yake vimetanuka, vyeusi vitupu, kama vya mgeni wangu siku ile ya kwanza ya debe.

Dereva akawasha.